Pengo la Oksijeni au Kutu? Mwongozo Kamili wa Kuhakiki Usumaku wa Chembe Nano

Kabla hujagusa kemikali yoyote, fanya jaribio hili uani, mahali penye upepo. Chota udongo mwekundu ujazo wa vikombe viwili vya kahawa, ule unaochafua pindo la kanzu kila masika kwenye njia za ndani za Pemba. Uanike ukauke, kisha upitishie sumaku uliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Kitakachonasa ni kidogo. Sasa uchanganye na mkaa uliotwangwa, kiasi cha robo ya udongo wenyewe, utie ndani ya kijungu cha udongo, ufunike kwa kibia na kuziba ukingo kwa udongo mbichi, ukiacha kitundu kidogo cha kupumulia. Kizike kijungu kwenye makaa yaliyoshika kwa muda wa saa moja. Usikifunue mpaka kipoe kabisa, kwa sababu hewa ikiingia kungali moto kazi yote inageuka. Ukikifungua utakuta wekundu umefifia, udongo umekuwa mweusi au wa kahawia iliyoiva, na sumaku yako itatoka na ndevu.

Kilichotokea ni kwamba oksidi nyekundu ya chuma, yaani hematiti, ambayo sumaku huivuta kwa unyonge sana, imepokonywa sehemu ya oksijeni yake na mkaa, nayo ikageuka kuwa magnetiti. Ukiupasha tena udongo huo huo kwenye hewa wazi kwa muda wa kutosha, wekundu unarudi na usumaku unapungua.

Sasa mfikirie mtafiti mwenye unga mweupe wa oksidi ya zinki. Anaupasha moto mahali pasipo oksijeni, unga unaonyesha usumaku. Anaupasha kwenye hewa, usumaku unatoweka. Anaandika kwamba oksijeni ilipotoka iliacha mapengo ndani ya fuwele, na mapengo hayo ndiyo yaliyoleta usumaku. Huenda yuko sahihi. Lakini chembe moja ya vumbi jekundu iliyoingia ndani ya unga wake ingefanya vivyo hivyo, kwa mpangilio ule ule, hatua kwa hatua. Mwongozo huu ni wa kutenganisha mambo hayo mawili. Nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi wa vyuo vya Tunguu, Unguja, na walimu wa skuli zetu wanaotaka kuingia katika utafiti huu, kwa sababu naamini inawezekana kuufanya vizuri kutoka hapa visiwani, na kwa sababu visiwa vyetu vina vumbi jekundu, chumvi na kutu kila upande.

Hatua ya 1: Jua pengo lina nini cha kulifanya sumaku

Oksidi ya zinki iliyo kamili haina usumaku wake. Ganda la d, moja ya matabaka ya elektroni, la kila ioni ya zinki limejaa elektroni 10, zimekaa mbili mbili, spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) ya moja ikielekea juu na ya mwenzake chini, zikafutana. Kinachobaki ni tabia ya diamagneti: unga husukumwa na sumaku, tena kwa nguvu ndogo mno.

Ng'oa atomi moja ya oksijeni. Ikitoka ikiwa haina chaji, inaacha nyuma elektroni 2 ndani ya shimo ililokuwa ikikaa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani kila pengo ni sumaku ndogo. Pengo lina hali tatu. Likibaki na elektroni zote 2, elektroni hizo hukaa jozi na kufutana, kwa hiyo usumaku ni sifuri. Likipoteza zote 2, hakuna kilichobaki cha kuzungumzia. Ni pale tu linapobaki na elektroni 1 ndipo linakuwa na spini isiyo na mwenzake. Ukisema "sampuli yangu ina mapengo mengi" hujasema lolote kuhusu usumaku mpaka useme yako katika hali gani.

Hata hiyo elektroni moja haitoshi. Spini zilizotawanyika kila moja mahali pake hufanya paramagneti: zinaelekea upande mmoja sumaku inapokaribia, zikiachwa zinavurugika. Ili usumaku ubaki, yaani feromagneti, lazima spini zishauriane. Mwaka 2005 kundi la mwanafizikia Michael Coey huko Dublin, Ayalandi, lilipendekeza njia moja: elektroni ya kasoro haikai imejikunyata ndani ya shimo lake, bali huzunguka katika duara pana linalozifikia ioni nyingi za jirani, na maduara yakiwa mengi yanagusana na kupatana mwelekeo. Wazo hilo lilikusudiwa khasa oksidi zilizotiwa ioni chache zenye usumaku, kama kobalti au manganizi. Kwa oksidi ya zinki iliyo tupu jambo ni gumu zaidi, na hesabu nyingi za kompyuta zinaonyesha kuwa pengo la oksijeni lisilo na chaji halina usumaku, ilhali pengo la zinki linao, kwa sababu linaacha oksijeni za jirani zikiwa na upungufu wa elektroni. Kwa hiyo hata ukishakiondoa chuma, bado una washukiwa wawili.

Oksidi ya seriamu ni rahisi zaidi kuielewa. Kila oksijeni inayotoka huacha elektroni 2, na kila elektroni hukaa juu ya ioni moja ya seriamu na kuishusha kutoka chaji 4 hadi 3. Ioni hiyo sasa ina elektroni moja ya ganda la f, iko peke yake. Oksidi ya titani hufanya mfano wake kwa ganda la d.

Udogo wa chembe unaingia kwa sababu ya uso. Chembe ya upana wa nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) ina takriban asilimia 15 ya atomi zake kwenye tabaka la nje kabisa, na ya nanomita 30 ina kama asilimia 5. Oksijeni za usoni hazijashikwa pande zote, ndizo zinazotoka mwanzo. Mwaka 2006, A. Sundaresan na C.N.R. Rao pamoja na wenzao huko Bangalore, India, walieleza kwamba chembe nano za oksidi tano zisizo na usumaku, miongoni mwake za zinki, seriamu na alumini, zenye upana wa nanomita 7 hadi 30, zilionyesha feromagneti katika joto la kawaida, ilhali chembe kubwa za oksidi hizo hizo hazikuonyesha. Walilitupia jicho pengo la oksijeni la usoni. Huo ndio msingi wa kazi unayotaka kuifanya.

Hatua ya 2: Hesabu chuma kabla ya kukikuta

Usumaku unaoripotiwa katika unga wa namna hii huwa mdogo, mara nyingi karibu na 0.001 emu (kizio cha kupimia usumaku) kwa gramu. Chuma safi hufikia 218 emu kwa gramu, na magnetiti kama 92. Tuseme unapima miligramu 50 za unga. Usumaku wote ulio ndani yake ni 0.00005 emu. Gawanya kwa 218: chuma kinachohitajika kuuleta ni mikrogramu 0.23. Punje moja ya chuma yenye uzito huo ina upana wa mikromita 38 hivi, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Huioni. Kwa lugha ya mkemia, sehemu 4.6 za chuma katika milioni zinatosha kukupa ugunduzi mzima.

Geuza hesabu upande wa pili. Usumaku huo huo, ukiugawa kwa atomi za zinki, ni sawa na spini moja kwa kila zinki 70,000 hivi. Mapengo machache mno yangetosha. Chuma na pengo, kila mmoja anaweza kufanya kazi yote peke yake bila kuacha alama ya wazi. Ndiyo maana haitoshi kusema "nilikuwa mwangalifu".

Mwaka 2004 kundi la Dublin liliripoti usumaku katika utando wa oksidi ya hafni, oksidi isiyotarajiwa kuwa nao hata kidogo. Mwaka uliofuata watafiti wa IBM huko Marekani walitengeneza utando wa aina hiyo wasiuone usumaku wowote, mpaka walipoushika kwa kibano cha chuma kisichoshika kutu. Mguso wa kibano uliacha alama iliyopimika, iliyofanana na ile iliyosifiwa.

Mimi nilijifunza kwa njia hiyo hiyo. Fungu langu la kwanza lilitoka na kitanzi cha histeresisi, yaani mchoro wa feromagneti wa kwenda na kurudi kwa uga wa sumaku, kizuri, chembamba katikati, kimejilaza pande zote mbili. Nilimpigia simu mwalimu wangu usiku ule ule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, unga ulichotea kwa kijiko gani?" Nikamwambia cha chuma kisichoshika kutu. "Haya, chota tena kwa cha plastiki, kisha unipigie." Nilichota kwa cha plastiki. Kitanzi hakikurudi.

Hatua ya 3: Safisha chumba, kisha vyombo, kisha tabia yako

Maabara nyingi zetu zina madirisha ya vioo vya kupangana, feni ya dari na paa la bati, na bahari haiko mbali. Upepo wa kusi unaleta chumvi, chumvi inaleta kutu, na feni inaimwaga kutu juu ya meza. Izime feni unapofungua unga. Funga madirisha ya upande wa barabara. Ukipata boksi la plastiki angavu, likate matundu mawili ya mikono, ulilaze juu ya meza na ufanyie humo kazi zote za unga mkavu. Si chumba safi cha kitaalamu, lakini linapunguza vumbi sana.

Vyombo viwe vya plastiki au kioo, vilivyolowekwa usiku mzima katika asidi ya naitriki. Pima maji mililita 900 kwanza, kisha mimina asidi kali mililita 100 ndani ya maji polepole, usifanye kinyume chake kamwe, ukiwa umevaa miwani na glavu. Suuza mara tatu kwa maji yaliyoondolewa ioni. Maji ya mvua yaliyopitia bati hayafai hata kwa kusuuza, wala ya kisima, kwani mengi hapa yana chokaa ya mawe ya matumbawe.

Usikoroge kwa mashine ya sumaku. Kile kijiti cheupe kinachozunguka ndani ya bika kimevaa plastiki, lakini ndani ni sumaku, na kwa miaka kimekuwa kikikusanya punje za chuma kutoka kila kazi iliyopita. Koroga kwa kijiti cha kioo, au kwa mota yenye shina la plastiki. Kijiti cha sumaku kina matumizi mengine: kikiwa kipya na safi, kipitishe ndani ya mchanganyiko mara moja mwanzoni, ukitoe, ukitazame chini ya darubini. Kikitoka na ndevu, umepata onyo la bure.

Kinu cha kusagia kiwe cha akiki. Tanuri nalo lina mtego, maana nyaya za kupashia katika matanuri mengi ni aloi ya chuma, kromi na alumini, na matofali yake hupukutika. Usiweke unga wazi ndani yake. Tumia bomba la kwazi, au kikombe cha alumina safi chenye mfuniko.

Hatua ya 4: Tengeneza unga

Nunua asetati ya zinki ya daraja safi kabisa unaloweza kulimudu, lile ambalo cheti chake kinataja kiasi cha kila metali. Mkebe wa kawaida wa maabara ya skuli unaweza kuja na chuma kinachozidi zile sehemu 4.6 katika milioni, na hapo kazi imeshakufa kabla ya kuanza. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki.

Yeyusha gramu 8.78 za asetati ya zinki yenye maji mawili ya fuwele katika maji mililita 400. Pembeni yeyusha gramu 3.2 za hidroksidi ya sodiamu katika mililita 200. Dondosha ya pili ndani ya ya kwanza ukikoroga, kwa muda wa saa moja, na usimame pH inapokaribia 9 hata kama haijaisha, kwa sababu hidroksidi ikizidi huanza kuiyeyusha tena zinki. Kitatuama kitu cheupe kama tui zito. Acha saa mbili, mwaga maji ya juu, ongeza maji mapya, rudia mara tano. Usione tabu kuosha. Mabaki ya asetati yakibaki yatageuka kaboni ndani ya tanuri, na umeshaona kwenye kijungu kaboni inavyofanya ikikutana na chuma.

Kausha kwa nyuzi 80 usiku mzima chini ya mfuniko, saga kidogo, kisha pasha kwenye hewa kwa nyuzi 400 saa mbili. Utapata karibu gramu 3 za oksidi ya zinki. Ukichungulia ungali wa moto utauona wa manjano. Usishangilie: oksidi ya zinki hugeuka manjano kwa joto na kurudi nyeupe ikipoa.

Umeme ukikatika katikati, andika saa na dakika, na uanze fungu jipya. Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua giza la miezi mitatu lilivyokuwa. Siku hizi kukatika ni kwa muda mfupi, lakini hata nusu saa inabadilisha mwendo wa kupoa, na mwendo wa kupoa ndio unaoamua mapengo mangapi yanabaki yamenaswa ndani ya fuwele.

Nataka kusema neno kuhusu karafuu, maana kila mwaka mwanafunzi mmoja au wawili hunijia na wazo la kutengeneza chembe nano kwa maji ya karafuu zilizochemshwa. Wazo ni zuri. Yujenoli na tanini za karafuu hushika ioni za metali na kuzuia chembe zisikue, na inapendeza kutumia zao letu wenyewe. Kwa utafiti wa usumaku lakini, nakusihi usianzie hapo. Karafuu ni miongoni mwa viungo vyenye manganizi nyingi sana, na chuma pia kimo. Oksidi ya zinki yenye manganizi ndiyo hasa ile ambayo mwanafizikia Tomasz Dietl na wenzake walitabiri mwaka 2000 kwamba ingeweza kuwa na feromagneti katika joto la kawaida, kwa hiyo ungekuwa umetia ndani ya bika lako mshukiwa maarufu kuliko wote. Ongeza na hili: karafuu za Pemba huanikwa juu ya majamvi uani, na ua ni wa udongo gani unaujua. Kisha mabaki ya mmea yakiungua yanaacha kaboni. Chuma, manganizi na kaboni, vyote ndani ya kikombe kimoja cha maji ya karafuu. Ukipenda sana kutumia karafuu, tumia mafuta yaliyokenekwa, kama yale ya makonyo yanayotoka Wawi, kwa kuwa madini hayapandi na mvuke. Yayeyushe katika ethanoli, na upime metali zake kabla ya kuyatumia.

Hatua ya 5: Gawa mafungu sita

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa. Unga mmoja, uliotoka bika moja, ugawe mafungu sita ya karibu gramu nusu kila moja, uyape herufi.

H ni la hewa: lipashe tena nyuzi 400 saa mbili kwenye oksijeni au hewa safi. A ni la agoni tupu, joto na muda ule ule. R ni la agoni yenye haidrojeni asilimia 5, mchanganyiko unaouzwa tayari kwenye mtungi na ulio salama kuliko haidrojeni tupu. N ni la kurudi: lipite njia ya R, kisha njia ya H. C ni la chuma, nitalieleza. La sita lifungie ndani ya kichupa bila kuliongezea moto.

Usizidishe nyuzi 400 kwenye haidrojeni, kwa sababu zaidi ya hapo zinki huanza kupotea ikiwa mvuke, na utakuwa umebadilisha zaidi ya kitu kimoja. Fungu A lipo kwa sababu haidrojeni si mgeni mtulivu: huingia ndani ya oksidi ya zinki na yenyewe kutoa elektroni. Usumaku ukionekana katika R peke yake, huwezi kujua kama ni wa pengo au wa haidrojeni.

Fungu C ndilo ambalo wengi hawalifanyi, na mimi nisingemwamini mtu asiyelifanya. Lichafue kwa makusudi. Yeyusha miligramu 72 za naitreti ya chuma yenye maji tisa ya fuwele katika lita moja ya maji yenye matone machache ya asidi ya naitriki. Mililita 1 ya maji hayo ina mikrogramu 10 za chuma. Itie ndani ya gramu nusu ya unga, kausha, utakuwa na sehemu 20 katika milioni. Nusu ya C ipite njia ya H, nusu njia ya R. Kama chuma chote kikigeuka magnetiti, nusu ya pili itaonyesha takriban 0.0025 emu kwa gramu. Sasa unajua chuma kinafananaje ndani ya unga wako, katika tanuri lako, na huhitaji kubahatisha. Tengeneza C mwisho kabisa, kwa vyombo vyake peke yake.

Hatua ya 6: Hakikisha mapengo yapo

Mionzi ya eksirei kwanza. Oksidi ya zinki hutoa vilele karibu na digrii 31.8, 34.4 na 36.3 kwa mionzi ya shaba, na upana wa kilele unakupa ukubwa wa chembe kwa mlinganyo wa Scherrer. Kipimo hiki hakitakionyesha chuma cha sehemu chache katika milioni. Usiandike kwamba "eksirei haikuonyesha uchafu, kwa hiyo hakuna uchafu". Sentensi hiyo imeharibu ripoti nyingi.

Spektra ya elektroni zinazong'olewa na eksirei (XPS) hupendwa sana. Oksijeni ya ndani ya fuwele huonekana karibu na nishati ya eV 530, na mwinuko wa karibu eV 531.5 huitwa pengo la oksijeni. Kuwa mwangalifu: hidroksili na maji yaliyonata usoni mwa chembe hukaa hapo hapo, na kwa unyevu wa visiwani kila unga hunywa maji ya hewani. Uupashe unga ndani ya kifaa chenyewe kabla ya kupima, au ukitumie kipimo hiki kuwa shahidi wa pili tu.

Shahidi wa kwanza awe mwangwi wa spini za elektroni (EPR), kwa sababu kipimo hicho huziona spini zisizo na wenzake peke yake, nasi tunazitafuta hizo. Katika oksidi ya zinki tazama ishara za g (namba inayoonyesha mahali ishara ilipo) karibu na 1.96 na karibu na 2.00. Bado wataalamu wanabishana ipi ni ya pengo gani, kwa hiyo usizipe majina. Linganisha tu ukubwa wake kati ya H, A, R na N. Kwa seriamu, spektra ya Raman, ya mwanga unaotawanywa na unga, inasaidia sana: kilele kikubwa karibu na 464 kwa sentimita, na mwinuko wa kasoro kati ya 570 na 600.

Hatua ya 7: Pima usumaku

Huenda ukalazimika kupeleka sampuli nje ya kisiwa. Jaza unga miligramu 50 ndani ya kapsuli za jelatini mwenyewe, ndani ya boksi lako, kila moja ndani ya kichupa cha plastiki, na umwombe fundi wa kifaa asizifungue. Peleka pia kapsuli tatu tupu kutoka pakiti ile ile. Hizo zipimwe mwanzo.

Omba mzunguko wa uga wa sumaku hadi tesla 1 au zaidi katika kelvini 300, yaani joto la kawaida, na kipimo cha joto kutoka kelvini 5 hadi 300 katika uga wa tesla 0.01, mara moja baada ya kupozwa bila uga na mara moja baada ya kupozwa ndani ya uga. Grafu mbichi itakutisha: itashuka chini kulia. Oksidi ya zinki yenyewe husukumwa, na katika tesla 1 msukumo huo ni kama 0.0033 emu kwa gramu, mara tatu ya kile unachokitafuta. Chora mstari juu ya sehemu ya uga mkubwa, mahali ambapo grafu imenyooka, uutoe. Eleza umeutoa kuanzia uga gani. Chagua mahali pengine uone kama jibu linabadilika. Likibadilika sana, huna jibu bado.

Kifaa chenye sumaku ya nyaya za upitishaji mkuu (zinazopitisha umeme bila ukinzani) hubaki na uga mdogo hata kikisoma sifuri, na uga huo unaweza kutengeneza kitanzi kisichokuwepo. Omba kipimo cha metali ya paladi, ambayo haina kitanzi, kwa mzunguko ule ule. Upana utakaouona kwenye paladi ni wa mashine, wala si wa unga.

Hatua ya 8: Amua

Chukua kapsuli ile ile uliyoipima, siyo nyingine kutoka fungu lile, uiyeyushe yote katika asidi safi, na upime chuma, kobalti, nikeli na manganizi kwa spektromita ya masi ya plazima (ICP-MS). Punje ya vumbi haijigawi sawasawa, inaweza kuwa katika kapsuli moja na isiwe katika jirani yake. Mwulize fundi kama kifaa kina chumba cha migongano, maana agoni ya plazima ikiungana na oksijeni hupata masi ya 56, sawasawa na ya chuma, na utaambiwa una chuma usichokuwa nacho.

Kisha zidisha chuma ulichokipata kwa 218. Huo ndio usumaku mkubwa kuliko wote ambao chuma hicho kingeweza kuutoa, hata kama chote kingekuwa metali safi. Mfano: umepata sehemu 1 katika milioni, basi kikomo ni 0.00022 emu kwa gramu. Kama kapsuli ilipima 0.001, na kobalti, nikeli na manganizi hazikuonekana, chuma kimeachiwa huru, na sasa unaruhusiwa kuzungumza juu ya pengo. Kama kikomo ni kikubwa kuliko kipimo, hukuthibitisha lolote, hata kama R ilipanda na N ikashuka kwa uzuri namna gani. Kumbuka kijungu.

Tazama pia kipimo cha joto. Mkunjo karibu na kelvini 120 ni alama ya magnetiti, ingawa katika chembe ndogo sana alama hiyo hufifia, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumwachii mtu huru. Linganisha umbo la R na la C iliyopita njia ya R. Yakifanana kama pacha, jihadhari.

Ukivuka vizuizi hivi vyote, linganisha ukubwa wa usumaku na ukubwa wa ishara za spini katika mafungu manne. Vikipanda na kushuka pamoja, una kisa cha kasoro. Cha oksijeni au cha zinki, hapo A na R zitakusaidia: kuondoa oksijeni kunatakiwa kuongeza mapengo ya oksijeni na kupunguza yale ya zinki, kwa hiyo usumaku ukiwa mkubwa katika H kuliko katika R, mshukiwa wako amebadilika. Na usijifunge kwenye kisa cha spini peke yake. Mwaka 2016 kundi la Coey, baada ya miaka mingi ya kazi hii, lilieleza usumaku wa chembe za oksidi ya seriamu zenye upana wa nanomita 4 ambao ulitoweka chembe zilipotawanywa mbali mbali ndani ya unga mwingine, nao wakapendekeza kwamba ni mwitikio wa elektroni nyingi kwa pamoja, si feromagneti ya kawaida. Kwa hiyo ongeza jaribio moja la bei nafuu: changanya R na alumina safi uliyoipima peke yake, sehemu moja kwa tisa, uipime tena. Usumaku kwa kila gramu ya oksidi ya zinki ukibaki ule ule, kila chembe inajitegemea. Ukipungua, chembe zinasaidiana.

Fungu la sita, lile la kichupa, usiliguse. Andika juu yake tarehe, namba ya mkebe wa asetati na joto la kwanza, ulifunge kwa nta, ulihifadhi mahali pakavu mbali na dirisha. Ni la mtu atakayekuja kukuuliza kama anaweza kurudia kazi yako.